Dampa ya stelingi ya gari la 4x4: pima kwanza, nunua baadaye

Dampa ya stelingi ni shokapu iliyolazwa. Upande mmoja hufungwa kwenye ekseli au chasisi, mwingine kwenye tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele) au dragi linki (fimbo inayopeleka mwendo wa usukani kwenye magurudumu), na kazi yake ni kumeza kishindo tairi linapogonga jiwe, kisifike mkononi. Basi. Gari linalovuta upande halinyoshwi na dampa, na usukani unaotetemeka hauponi kwa dampa.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Gari lenye ekseli nzima mbele, yaani mhimili mmoja toka gurudumu hadi gurudumu, likipita shimo kisha magurudumu yakaanza kutikisika mpaka upunguze mwendo, kuna kitu kimelegea: bushi au bolti za fimbo ya Panhard (inayozuia ekseli isisogee kando), tairodi endi, boli jointi, beringi. Pengine ni tairi lisilobalansiwa. Dampa mpya ngumu itaficha mtikisiko kwa muda, huku tundu la bolti likizidi kutanuka. Kwa hiyo weka gari mahali tambarare, breki ya mkono juu, vigingi nyuma ya matairi, injini ikiwaka. Mtu mmoja acheze usukani kidogo kulia na kushoto. Mwingine aangalie kila kiungo. Kinachocheza kibadilishwe kabla ya yote.

Kisha fungua upande mmoja wa dampa ya zamani, uisukume na kuivuta ikiwa imelala vilevile. Iliyo nzima hukaza sawasawa kwenda na kurudi, mwanzo hadi mwisho. Ikiteleza ghafla mahali fulani, hasa katikati inakofanya kazi muda mwingi, au mafuta yakichuruzika kwenye sili, imekwisha. Usiibadili na shokapu ya kawaida: hiyo hukaza zaidi inapovutwa kuliko inaposukumwa, na nyingi zikilazwa huingiza hewa kwenye mafuta.

Sasa kipimo, na hapa usikadirie. Toa dampa kabisa, pandisha ekseli ya mbele juu ya stendi, kata usukani mpaka mwisho kushoto, upime kutoka kitovu cha tundu moja la kufungia hadi kingine. Rudia kulia, kisha magurudumu yakiwa yamenyooka. Tuseme umepata milimita 330, 540 na 435. Acha nafasi ya milimita 10 hivi kila upande: unatafuta dampa inayojifunga hadi 320 au chini ya hapo, na kufunguka hadi 550 au zaidi. Ukifunga inayoishia 345, itagota milimita 15 kabla usukani haujafika mwisho. Kuanzia hapo dampa ndiyo inayozuia magurudumu, na kitakachopinda ni fimbo yake au kishikio. Kama inafungwa kwenye chasisi, pima pia springi zikiwa zimebanwa na zikiwa zimening'inia, kwa sababu umbali hubadilika. Ya ekseli kwa tairodi haina shida hiyo.

Kuhusu gesi: dampa yenye gesi ya shinikizo husukuma fimbo yake nje muda wote. Ibane kwa mkono, uiachie. Ikirudi yenyewe kwa nguvu, itavuta usukani upande mmoja. Chagua ya mafuta, au ya gesi yenye shinikizo dogo sana.

Ugumu hufuata matairi. Ukiwa na saizi ya kiwandani, dampa ya kiwango cha kiwandani inatosha. Matairi ya inchi 33 au 35 yanahitaji yenye silinda pana na fimbo nene. Dampa mbili pamoja ni za gari zito mno. Kwingine hufanya usukani uwe mzito na usirudi katikati baada ya kona. Laini inayotosha ni bora kuliko ngumu.

Angalia pia aina ya ncha: tundu lenye bushi, pini yenye uzi, au mguu wa koni. Koni huhitaji kufutwa mafuta na vumbi, kukazwa kwa kipimo cha kitabu cha gari, na kota pini mpya (pini inayozuia nati isilegee). Bushi za mpira zikaze magurudumu yakiwa yamenyooka. Ukizikaza usukani umekatwa, mpira hubaki umejisokota na kuvuta gari upande. Ukimaliza, kata usukani mwisho hadi mwisho ukitazama chini: stopa za ekseli (vizuizi vya mwisho wa kukata usukani) ziguse kwanza, na dampa isikwaruze springi, paipu ya breki wala rimu.