Metformin ya XR: jinsi ya kuinywa usiku bila tumbo kukuhangaisha

Assalaam aleikum ndugu zangu na mama zangu. Mimi ni mfamasia hapa Lamu, duka letu liko Langoni, na wiki haipiti bila mtu kunijia na kiboksi cha metformin mkononi aniambie hii nimeiwacha, naharisha, tumbo lasokota, siitaki tena. Nikimuuliza ulikuwa ukiinywa vipi, mara nyingi naona dawa haina makosa, ni kwamba hakuna aliyemkalisha chini akamwelezea. Basi naeleza hapa ile ya XR, ile inayotoa dawa polepole, kwa wenye kisukari cha aina ya pili.

Hatua ya 1: soma kiboksi

Metformin ziko namna mbili. Ya kawaida hunywewa mara 2 au 3 kwa siku, ya XR kwa kawaida ni mara 1, usiku. Tafuta herufi XR, SR au ER karibu na jina, halafu uone ni miligramu ngapi, 500, 750 au 1000. Ukipewa kiboksi tofauti na cha mwezi uliopita uliza palepale kabla hujatoka dukani, usizichanganye hizi mbili mwenyewe nyumbani.

Hatua ya 2: inywe na chakula cha usiku

Si kabla ya kula, si saa ya kulala na tumbo tupu, ni pamoja na chakula au ukimaliza tu. Tembe hii ikifika tumboni inafura inakuwa kama jeli, na dawa inachuruzika kidogo kidogo kwa masaa mengi, na mwili waichukua vizuri zaidi kukiwa na chakula. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu na kuusaidia mwili kuitumia insulini yake. Kwa hivyo sahani ya wali wa nazi iliyojaa hadi juu haifutwi na tembe, punguza wali uongeze samaki na mchicha, na yale mahamri ya asubuhi yahesabu.

Hatua ya 3: meza nzima

Hapa ndipo watu wengi wanakosea na ndipo naomba mnisikilize sana. Kuna bi mmoja mtu mzima, bintiye alikuwa akimtwangia tembe kwenye kinu anamtilia kwenye uji kwa sababu ni kubwa na mamake hawezi kuimeza, alikuwa na nia njema kabisa, lakini ukiitwanga au ukiitafuna au ukiikata ile jeli haipo tena, dawa ya usiku kucha yaingia yote kwa mpigo, na yule bi alikuwa akishinda chooni kila siku akidhani kisukari chake kimezidi. Ikikushinda kumeza kaa wima, kunywa maji kidogo kwanza uloweshe koo, halafu imeze na gilasi nzima ya maji. Ikishindikana bado mwambie daktari, anaweza kukuandikia tembe ndogo za 500 mbili badala ya moja ya 1000, au akurudishe kwenye metformin ya kawaida ambayo iko pia ya maji. Yule bi alibadilishiwa na sasa yuko sawa alhamdulillahi.

Hatua ya 4: panda polepole

Kawaida daktari huanza na 500 usiku, halafu anaongeza 500 baada ya wiki au zaidi kulingana na sukari yako, na mwisho wake huwa 2000 kwa siku. Kichefuchefu na kuharisha kidogo siku za mwanzo ni kawaida na mara nyingi hupungua ukivumilia wiki kadhaa. Kama hakupungui rudi kwa daktari ashushe dozi, lakini usiache kimyakimya manake sukari haikuambii ikipanda. Ukisahau ya jana usinywe mbili leo.

Hatua ya 5: usishtuke ukiona ganda chooni

Kuna siku utaona kitu kama tembe laini kwenye choo useme dawa imetoka kama ilivyoingia. Hilo ni ganda tu, dawa yenyewe ishaingia mwilini. Wazee wawili nawajua waliongeza dozi kwa sababu hiyo, tafadhali msifanye hivo.

Ramadhani

Muone daktari mapema, kama Shaabani hivi, usingoje mwezi uandame. Kwa anayekubaliwa kufunga, ile ya mara moja kwa siku kawaida huhamia kwenye futari. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari chini sana, lakini ukiwa pia na glibenclamide, tembe nyingine ya kisukari, au sindano ya insulini hatari ipo. Ukitokwa na jasho, ukitetemeka na moyo kwenda mbio, pima, na sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L) fungua hapohapo, vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15.

Wakati wa kuisimamisha

Ukiwa unatapika au unaharisha sana, au una homa kali huwezi kula wala kunywa maji, isimamishe na umpigie daktari siku hiyohiyo, kwa sababu mwili ukikauka figo zalemewa na dawa yaweza kurundikana ikaleta asidi kwenye damu, ni nadra lakini yaua. Ukipelekwa Mombasa kupigwa CT skani ya kudungwa dawa waambie mapema kwamba unatumia metformin. Na figo zipimwe angalau mara 1 kwa mwaka, zikiwa zimechoka sana dawa hii haifai tena.

Mwisho, kwa walioitumia miaka mingi: miguu ikianza kufa ganzi au kuchomachoma usiseme ni kisukari tu, omba upimwe vitamini B12, metformin huishusha, na ikiwa iko chini ina dawa yake.