Kitanda cha tano kwa sita cha mwanasesere: paka kwanza, gundi baadaye

Likizo ya Juni mpwa wangu alikuja kutoka Kondoa na nyumba ya mwanasesere ya pliwudi, vyumba vitatu, ndani hamna hata kigoda. "Mjomba, si wewe ni seremala?" Nimeranda vitanda na makabati hapa Dodoma miaka mingi, nikajua hii ni kazi ya jioni moja. Kitanda cha kwanza kilinila siku nne, na tatu kati ya hizo ziliishia kwenye hatua ya 4. Nyingine zote utazimaliza huku unakunywa chai.

Hatua ya 1: Kipimo

Tumia moja kwa kumi na mbili, yaani futi moja inakuwa inchi moja. Ndicho kipimo kilichozoeleka kwenye kazi hizi. Hata nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyokamilika 1924, ilijengwa kwa kipimo hicho. Kwa sisi tunaopima kwa futi kina raha yake: kitanda cha tano kwa sita kinabaki tano kwa sita, ila sasa ni inchi. Meza ya inchi 30 inashuka hadi inchi mbili na nusu. Mbao ya mbili kwa mbili inakuwa kijiti cha milimita 4 hivi, na ya moja kwa sita inakuwa na unene wa milimita 2, upana kama 13.

Hatua ya 2: Mbao

Mninga weka pembeni. Najua, na mimi ndiyo mbao ninayoipenda kuliko zote, lakini vinyweleo vyake kwenye kitu cha inchi sita vinaonekana kama mifereji. Msonobari nao mistari yake ni mipana mno. Mimi natumia tawi la mpera lililokauka vizuri, kwa sababu nyuzi zake zimebanana. Vijiti vya aiskrimu vinafaa chaga tu.

Hatua ya 3: Kata, piga msasa

Msumeno wa kukatia chuma, ule wa meno madogo. Msasa namba 240, kisha 400. Bandika msasa mezani, usugue kipande juu yake.

Hatua ya 4: Rangi na vanishi

Kitanda kikubwa tunaunganisha, tunapiga msasa, ndipo tunapaka. Nikafanya hivyohivyo. Gundi nyeupe ilivuja kidogo kwenye kila kiungo, nikaifuta kwa kitambaa chenye maji, kitanda kikawa safi machoni. Nilipopaka rangi ya mbao, kila pembe ikatoa baka jeupe. Mpwa wangu akakiinua karibu na uso: "Mjomba, kina ukurutu."

Gundi ikishaingia kwenye vinyweleo inaviziba, na rangi haipenyi tena. Kuifuta kwa maji kunaitandaza tu. Kwenye kitanda cha watu wazima baka la ukubwa wa punje ya mchele hulioni, na ukiliona unalifikia kwa msasa. Huku punje ya mchele ni doa la upana wa kiganja, na kidole hakiingii pembeni. Nilikwangua kwa wembe, nikakata tendegu. Nikaongeza rangi, mbao ikawa nyeusi na baka likabaki palepale. Kitanda kile kiliishia kwenye jiko la mkaa.

Dawa yake ni kugeuza utaratibu: paka vipande vyote vikiwa bado vimelala mezani, halafu ndiyo uviunganishe. Ila sehemu zitakazogusana zisipate rangi wala vanishi, maana gundi inataka kushika mbao yenyewe. Zizibe kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Usije na selotepu, inaacha ulimbo na unarudi kulekule kwenye ukurutu. Tendegu lina nyuso mbili za kuziba, na nilishaziba zisizo zake mara mbili, kwa hiyo sasa napanga kitanda kizima kikavu na kuweka alama ya penseli kabla ya kufungua kopo lolote.

Rangi ipake kwa kipande cha fulana kuukuu. Brashi inajaza kona. Sila, ile ya kuziba vinyweleo kabla ya vanishi, izimue kwa tina (kizimulio cha rangi) nusu kwa nusu, mikono miwili myembamba, katikati ukipitisha msasa wa 400 uliochoka. Vanishi ya kung'aa siitaki kabisa: kwenye kitu kidogo inafanana na asali iliyomwagika. Chukua isiyong'aa, mkono mmoja, basi.

Na usipakie uani. Upepo wetu wa kiangazi unabeba vumbi, na chembe moja ya mchanga kwenye ubao wa kichwani ni kokoto. Pakia ndani, dirisha wazi kwa ajili ya tina, mtoto akiwa nje. Ukimaliza, funika vipande kwa beseni lililoegeshwa juu ya vijiti ili hewa ipite. Viache mpaka kesho, hata kama vinaonekana vimekauka.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Kata kichwa cha pini ya fundi cherehani, ifunge kwenye drili, itoboe tundu. Kisha pini nyingine kama hiyo ndiyo inayobaki ndani pamoja na tone la gundi. Bana kwa vibanio vya nguo. Supagluu hapana: inashika kabla hujanyoosha pembe.

Hatua ya 6: Chaga na godoro

Godoro la inchi nane linakuwa sponji ya milimita 17. Kwa shuka tafuta kipande cha shati la mistari myembamba, kwa sababu kitenge maua yake ni makubwa, ua moja linafunika kitanda kizima. Nilimweleza hivyo mpwa wangu. Akachagua kitenge, na hilo ua moja ndilo lililolala pale hadi leo.