Kupakia nguruwe wa soko katika shamba la familia: hatua kwa hatua

Nguruwe aliyefikia uzito wa soko, yaani kati ya kilo 90 na 130 kulingana na matakwa ya mnunuzi, ni mnyama mwenye nguvu nyingi lakini pumzi fupi. Moyo wake ni mdogo ukilinganisha na wingi wa nyama aliyobeba, na hatoi jasho la kutosha kuupoza mwili, kwa hiyo dakika chache za kukimbizwa na kupigiwa kelele humchosha kuliko tunavyoweza kuona kwa macho. Nimepakia nguruwe na familia yangu kwa miaka mingi, na naamini kwa dhati kwamba upakiaji mzuri huamuliwa kabla gari halijafika shambani. Nguruwe anayegoma kupanda gari ana sababu ya kugoma, na mara nyingi sababu hiyo iko kwenye njia tuliyomtengenezea. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe, kuanzia wiki kadhaa kabla ya safari hadi gari linapoondoka.

Hatua ya kwanza: wazoeze watu na ujia

Katika wiki tatu au nne za mwisho, ingia ndani ya kila chumba angalau mara moja kwa siku na utembee polepole katikati ya nguruwe hadi wote wasimame na kukuzunguka. Dakika mbili kwa kila chumba zinatosha. Usiwapige na usiwafukuze. Unachotaka ni wajifunze kwamba mtu akiingia, nguruwe husogea kwa utulivu na mambo huishia hapo. Nguruwe ambao hawajawahi kutembelewa ila wakati wa kuwekewa chakula huogopa mno siku ya kupakiwa, kwa sababu siku hiyo wanakutana na mambo mawili mapya kwa pamoja, mtu ndani ya chumba na njia wasiyoijua. Ikiwezekana, wafungulie mlango mara moja au mbili watembee ujiani na kurudi wenyewe.

Hatua ya pili: chagua watakaosafiri

Asiye na mizani anaweza kukadiria uzito kwa kamba ya kupimia. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka kwenye shina la masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, halafu zidisha kwa 69.3. Nguruwe mwenye kifua cha mita 1.10 na urefu wa mita 1.20 atakuwa na takriban kilo 100. Mpime akiwa ametulia na kichwa chake kimenyooka, kwani akiinama au kujikunja urefu hubadilika na hesabu hupotoka.

Kabla ya kumwekea nguruwe yeyote alama ya rangi mgongoni, soma daftari la tiba. Aliyechomwa sindano ya dawa na ambaye siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha hapaswi kwenda machinjioni, hata awe mnene kuliko wote. Vilevile usimpakie anayechechemea, mwenye homa, mwenye ngiri kubwa inayoburuta chini, wala aliyetokwa na utumbo wa nyuma. Huyo ni wa kuitiwa daktari wa mifugo.

Usichanganye nguruwe wa vyumba tofauti usiku wa kuamkia safari. Nguruwe wasiofahamiana hupigana ili kupanga nani ni mkubwa, na alama za meno hubaki kwenye ngozi hadi siku ya kuchinjwa.

Hatua ya tatu: ondoa chakula, acha maji

Nguruwe aliyeshiba huweza kutapika njiani na huathiriwa na joto upesi zaidi, na tumbo lililojaa hupasuka kwa urahisi machinjioni na kuchafua nyama. Kipimo ninachofuata ni saa 12 hadi 18 bila chakula kabla ya kuchinjwa, muda wa safari na wa kusubiri machinjioni ukiwa umeingizwa ndani ya hesabu hiyo. Hesabu kwa kurudi nyuma: kama watachinjwa saa nne asubuhi, kuondoa chakula saa mbili usiku kunawapa saa 14. Usizidishe kwa kudhani kwamba unaokoa pumba, kwa maana nguruwe aliyekaa na njaa kupita kiasi humaliza akiba ya nguvu iliyo kwenye misuli, na nyama yake hutoka nyeusi, ngumu na kavu. Maji yaendelee kupatikana hadi dakika ya kutoka chumbani.

Hatua ya nne: itengeneze njia kwa macho ya nguruwe

Hatua hii ndiyo ninayoipa muda mwingi kuliko zote. Macho ya nguruwe yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona takriban nyuzi 310 kumzunguka na haoni moja kwa moja nyuma yake. Hata hivyo, hapimi kina vizuri. Kivuli cha mlingoti sakafuni kinaweza kuonekana kwake kama shimo, na mfuniko wa mtaro kama mahali pa kutumbukia. Temple Grandin, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado nchini Marekani, amewafundisha wafugaji kwa miaka mingi kwamba mtu apite mwenyewe katika njia ya mnyama kabla ya kumpitisha mnyama. Mimi hufanya hivyo siku moja kabla, tena kwa kuchuchumaa ili macho yangu yawe usawa wa macho ya nguruwe, na sijawahi kukosa kuona kitu cha kuondoa.

Tafuta mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa getini, ndoo iliyosahauliwa, dimbwi linalong'aa, upepo unaovuma kuelekea usoni mwa wanaokuja, na mahali ambapo sakafu inabadilika ghafla kutoka saruji kwenda mbao. Vitu vinavyoondoleka viondolewe. Visivyoondoleka, kama vile mfuniko wa mtaro, vifunikwe kwa maranda au nyasi kavu kuanzia mita kadhaa kabla yake, ili sakafu ionekane ya aina moja. Kuta za ujia ziwe zimezibwa kabisa kwa mbao au plaiwudi hadi kimo cha takriban sentimita 90, kwa sababu nguruwe anayeona mwanya hupenyeza pua, na pua ikipita mwili hutaka kufuata.

Upana wa ujia umewatesa wengi. Ujia unaopitisha nguruwe mmoja na nusu ndio mbaya kuliko wote, kwa kuwa wawili hujaribu kuingia pamoja na kukwama bega kwa bega. Ama ujenge mwembamba unaomtosha mmoja tu asiyeweza kugeuka, ama uwe na sentimita 90 hivi ili wawili watembee sambamba. Kwa makundi madogo ya shamba la familia napendelea huo wa pili, kwani nguruwe hupata ujasiri anapogusana na mwenzake.

Sasa tuje kwenye mteremko wa kupandia gari. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 1/2005 inaweka kikomo cha nyuzi 20 kwa nguruwe, maana yake ni kwamba kwa kila mita moja ya kwenda mbele, mteremko usipande zaidi ya sentimita 36. Sakafu ya lori ikiwa juu kwa mita 1.2, utahitaji mteremko unaochukua mita 3.3 za ardhi angalau, na ukiweza kufikisha mita 4.5 utaona tofauti kubwa. Pigilia papi za kukanyagia kila baada ya sentimita 20, kwa kuwa zikiachana sana kwato huteleza katikati yake. Juu kabisa weka sehemu tambarare inayomtosha nguruwe kusimama na miguu yote minne kabla ya kuvuka kuingia garini, na uzibe kabisa ufa kati ya mteremko na lori, kwa sababu mwanga unaopenya chini ya miguu humsimamisha hata nguruwe mpole. Kama shamba lako lina kingo ya ardhi, chimba kidogo ili gari lisimame chini na nguruwe waingie karibu usawa. Kazi ya siku moja ya jembe itakufaa kwa miaka.

Nguruwe hutoka gizani kwenda penye mwanga kwa hiari, na husita kinyume chake. Mkipakia alfajiri, wekeni taa ndani ya lori ikimulika sakafu, isiwamulike machoni wanaopanda.

Hatua ya tano: lipokee gari kama mgeni anayeweza kuleta ugonjwa

Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921 na ambayo iliingia China mwaka 2018, huua sehemu kubwa ya nguruwe inaowapata, na gari lililobeba wanyama wa shamba lingine ni mojawapo ya njia zake. Gari liwe limeoshwa kwa sabuni, likapuliziwa dawa ya kuua vimelea, na likakauka kabla ya kufika kwako, kwa maana dawa haifanyi kazi juu ya kinyesi. Chora mstari kwenye mteremko: dereva asiuvuke kuja bandani, na nyinyi msiuvuke kuingia garini. Nguruwe aliyekwisha kuuvuka asirudishwe chumbani.

Kanuni ile ile ya Ulaya inasema nguruwe wa takriban kilo 100 wasizidi kilo 235 kwa kila mita ya mraba, na wote waweze kulala na kusimama kwa wakati mmoja. Bodi ya lori yenye upana wa mita 2 na urefu wa mita 4 itabeba nguruwe 18 wa kilo 100, na siku ya joto kali mimi hupakia 15 tu. Tandaza maranda. Wakati wa joto, yaloweshe kidogo.

Hatua ya sita: kupakia kwenyewe

Pakieni alfajiri au usiku, wakati ardhi imepoa. Watu watatu wanatosha, na kila mmoja ajue mahali pake kabla mlango haujafunguliwa: mmoja anawatoa chumbani, wa pili anawafuata ujiani, wa tatu yuko getini kwenye gari na hajitokezi mbele ya macho ya wanaopanda. Watoto wasimame nyuma ya ukuta, kamwe si ndani ya ujia.

Toa nguruwe wanne hadi sita kwa wakati mmoja. Anayewafuata ashike ubao mwepesi unaofunika kuanzia magotini hadi kiunoni, kwa sababu nguruwe huuchukulia ubao huo kama ukuta na hageuki kuukabili. Mpaka wa mwendo wake uko begani: ukisimama nyuma ya bega lake husonga mbele, ukimpita bega hurudi nyuma. Wengi humsukuma nguruwe huku wamesimama mbele ya bega lake, kisha wanamlaumu kwa ukaidi.

Wa mbele akisimama kunusa, mwache. Sekunde kumi za kumwachia nafasi huokoa dakika kumi za kupambana naye, na wa nyuma watamfuata akishaamua. Akigeuka na kukuelekea, ujue umemkaribia kupita kiasi, hivyo rudi nyuma hatua mbili. Sauti iwe ya chini. Kifaa cha kutikisa, kama chupa yenye kokoto, kitumike mara moja na kunyamazishwa, maana kelele isiyokoma huwagandisha. Fimbo ya umeme haina nafasi katika shamba la familia. Nguruwe aliyechomwa kwa umeme hupiga kelele zinazowatisha walio nyuma, na msongo wa dakika za mwisho huifanya nyama ipauke, ilegee na kutoa maji.

Hatua ya saba: mtambue aliyechoka kabla hajaanguka

Nguruwe anayehema kwa mdomo wazi, mwenye mabaka mekundu kwenye ngozi, anayetetemeka miguu au anayelia bila kuguswa, amefika mwisho wa uwezo wake. Msimamishe hapo hapo, mtenge na wenzake, mpe kivuli na hewa. Asiburutwe kwa mguu, sikio wala mkia. Wengi husimama tena baada ya saa mbili au tatu za kupumzishwa. Ukimpoza kwa maji, anza na sakafu inayomzunguka na miguu yake, kwani maji baridi yanayomwagwa ghafla juu ya mwili wenye joto kali humshtua.

Miaka ya mwanzo nilimpoteza dume mmoja aliyehasiwa, kilo 112, juu ya mteremko wangu mwenyewe. Gari lilikuwa limechelewa, jua lilikuwa limeshapanda, nami niliona kupumua kwake kukibadilika nikasema apande kwanza, atapumzika garini. Hakufika garini. Tangu siku hiyo, gari likichelewa hadi jua kuwa kali, nguruwe hubaki vyumbani hadi jioni, hata kama mnunuzi analalamika.

Hatua ya nane: waache waende

Hesabu waliopanda, linganisha na kibali cha kusafirisha, funga komeo, na gari liondoke mara moja. Lori lililosimama juani huwa tanuri, kwa kuwa ni mwendo unaoingiza hewa. Mwambie dereva aanze taratibu kwa kilomita chache za kwanza, hadi nguruwe wapate mizani na kulala.

Gari likishatoka, osha mteremko siku hiyo hiyo, kisha andika kwenye daftari kila mahali ambapo nguruwe walisimama. Wakisimama wawili au zaidi mahali pamoja, rudi pale, uchuchumae na utazame kilichopo, ukitengeneze kabla ya kundi linalofuata.