Namna ya Kumchambua Jay Gatsby Bila Kunaswa na Uvumi

Wengi wanaomchambua Jay Gatsby, mhusika mkuu wa The Great Gatsby (1925) ya F. Scott Fitzgerald, huanza kwa kuuliza ni mtu wa namna gani. Swali hilo litakupoteza mapema. Uliza kwanza: nani kasema, na kajuaje?

Hatua ya 1: Jedwali la ushahidi

Riwaya ina sura 9 tu, kwa hiyo isome mara mbili. Mara ya pili chora safu nne: sura, msemaji, alichosema, alikojulia. Katika Sura ya 3 wageni wa karamu wanadai Gatsby aliwahi kuua mtu, au alikuwa jasusi wa Ujerumani wakati wa vita. Safu ya nne itasomeka "kasikia kwa mwingine". Usiufute uvumi huo. Haukuambii lolote la hakika kumhusu Gatsby, ila unakuonyesha watu wanaokunywa pombe yake bila kumjua.

Hatua ya 2: Panga maisha yake upya

Andika matukio kwa mfuatano wa miaka, na mbele ya kila moja sura linapofichuliwa. Ratiba aliyojiandikia akiwa mvulana ina tarehe ya Septemba 1906, lakini tunaiona Sura ya 9, mikononi mwa baba yake. Kubadili jina kutoka James Gatz akiwa na miaka 17, siku alipokutana na tajiri Dan Cody, kumo Sura ya 6. Mapenzi yake na Daisy, msichana anayeendelea kumpenda, huko Louisville mwaka 1917 tunayasikia kwanza kwa Jordan, rafiki wa Daisy, Sura ya 4, kisha kwake mwenyewe, Sura ya 8.

Hapa ndipo insha nyingi huharibika: mwandishi anachukua habari za Sura ya 6 na kuzitumia kueleza tunachohisi katika Sura ya 4, kana kwamba msomaji alikwisha kuzijua. Fumbo la Gatsby limejengwa kwa kuchelewesha habari. Ukiupuuza mpangilio huo umeliua fumbo kabla ya kulieleza.

Hatua ya 3: Fuatilia dai moja hadi mwisho

Chagua dai kwamba alisoma Oxford, chuo kikuu cha Uingereza. Sura ya 3, Jordan anasema Gatsby alimwambia amesoma huko, naye haamini. Sura ya 4, Gatsby analitamka neno hilo kwa haraka, kama linamkwama kooni, na Nick, msimulizi wa riwaya, anamtilia shaka. Muda mfupi baadaye Gatsby anatoa picha aliyopigwa huko, na Nick anaamini. Sura ya 7, Tom, mume wa Daisy, anapombana hotelini, Gatsby anajibu kuwa alikaa miezi mitano tu mwaka 1919, nafasi waliyopewa baadhi ya maofisa baada ya vita.

Je, alidanganya? Alichukua ukweli mdogo akaufanya desturi ya ukoo mzima. Linganisha na dai kwamba wazazi wake ni matajiri na wote wamekufa: baba, mkulima asiye na kitu, anafika mazishini akiwa hai. Uongo wa aina mbili, na tofauti yake ni hoja nzuri kuliko kumwita "mwongo" tu.

Hatua ya 4: Mpime msimulizi

Nick anajisifu kwa uaminifu mwishoni mwa Sura ya 3. Lakini Sura ya 1 anasema Gatsby aliwakilisha kila anachokidharau, na papo hapo anamtetea. Pia ndiye aliyewakutanisha Gatsby na Daisy nyumbani kwake. Kila sifa iliyotoka kwa Nick peke yake, iwekee alama kwenye jedwali.

Hatua ya 5: Andika dai la insha yako

"Gatsby ni mtu wa ajabu anayempenda Daisy" haliwezi kubishiwa, kwa hiyo halifai. Jaribu: "Gatsby anabaki fumbo kwa sababu anatoa ushahidi wa kweli kuthibitisha maisha ya kubuni." Kwa insha ya maneno 1,000, ushahidi wa mahali patatu unatosha, na dondoo zisizidi mstari mmoja.

Kuhusu chanzo cha fedha zake, taja vilivyomo tu: pombe haramu, mshirika wake mcheza kamari Wolfsheim, na simu ya Sura ya 9 kuhusu hati za dhamana. Kisichosemwa kiache wazi, na useme kwamba kimeachwa wazi.