Kumalizia chumba cha chini kwenye nyumba ya mteremko: maji kwanza, taili baadaye

Ukijenga kwenye mteremko, iwe Ilboru hapa Arusha au barabara ya kupandia Kibosho kule Moshi, mara nyingi chini ya nyumba hubaki nafasi: upande mmoja umezikwa na udongo, upande wa bondeni uko wazi. Wengi huijaza mbao chakavu. Inaweza kuwa ofisi au chumba cha wageni kizuri kabisa, maana kuta na slabu ya juu tayari zipo. Kinachoviua vyumba hivi ni maji, na sehemu kubwa ya kazi iko nje ya chumba.

Hatua ya 1: Jua maji yanatoka wapi

Kagua wakati wa masika, Machi hadi Mei. Ukikagua Septemba, chumba kitakudanganya. Tafuta unga mweupe ukutani: ni chumvi iliyoachwa na maji yaliyopenya kwenye tofali kisha yakakauka. Halafu bandika kipande cha nailoni, nusu mita kwa nusu mita, uzibe kingo zote kwa selotepu pana. Kingine weka sakafuni. Bandua baada ya siku 2. Nailoni ikilowa upande wa ukutani, unyevu unatoka kwenye udongo. Ikilowa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewani unaogusa ubaridi na kugeuka maji, na unachohitaji ni madirisha. Dawa za matatizo haya mawili hazifanani. Fundi anayefika na ndoo ya dawa ya kuzuia maji kabla ya jaribio hili, mwambie asubiri.

Hatua ya 2: Tibu nje

Anza na paa. Maji ya gata yapelekwe kwenye tangi au mtaro ulio mbali na ukuta. Udongo unaozunguka nyumba uiname kuelekea nje, kama sentimita 15 ndani ya mita 3 za mwanzo.

Kisha kiangazi kikiingia, fukua upande uliozikwa hadi chini kidogo ya usawa wa sakafu ya chumba, bila kuvuka kitako cha msingi. Safisha ukuta, piga plasta, ikikauka paka lami mikono miwili. Chini laza bomba la PVC la inchi 4 lenye matundu, lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita, lizungushie kokoto na kitambaa cha kuchuja udongo, na mdomo wake utokee bondeni. Hapo ndipo mteremko unapokusaidia: maji yanaondoka yenyewe bila pampu. Fukua kwa vipande na uweke mihimili, kwa sababu kingo za mtaro mrefu zinaweza kuporomoka na kumfukia mtu.

Kupaka dawa ndani peke yake huku udongo wa nje umeshiba maji hakudumu. Maji husukuma kutoka nyuma, plasta ikavimba na kubanduka.

Hatua ya 3: Kimo na kibali

Ukishatoa unene wa sakafu mpya na dari, ibaki mita 2.4 hivi. Ikipungua, usikubali sakafu ichimbwe ili kuongeza kimo mpaka mhandisi aone msingi. Kama utatoboa ukuta au kubadili matumizi ya jengo, pita kwanza ofisi ya ujenzi ya jiji au manispaa.

Hatua ya 4: Sakafu na kuta

Tandika nailoni nzito, kingo zake zipande ukutani, kisha mwaga sakafu ya sentimita 5, saruji 1 kwa mchanga 4. Mwagilia siku 7, uiache ikauke vizuri, ndipo taili. Ukuta uliozikwa usiuwekee jipsamu wala mbao. Skimu, yaani tabaka jembamba la kulainisha ukuta kabla ya rangi, iwe ya saruji, rangi iwe ya maji. Ya mafuta hufungia unyevu ndani na kutoa malengelenge.

Hatua ya 5: Hewa, umeme, choo

Kama mtu atalala humo, dirisha moja liwe la kupitisha mtu mzima, na grili yake ifunguke kwa ndani bila kutafuta funguo. Juni na Julai baridi ikibana, jiko la mkaa lisiingie kabisa: hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu usingizini. Umeme afunge fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na chumba kiwe na sakiti yake. Choo kiweke tu kama shimo la maji taka liko chini zaidi ya sakafu hiyo. Vinginevyo utahitaji pampu.

Hatua ya 6: Fundi au mkandarasi

Rangi na skimu unaweza mwenyewe. Kufukua na kutoboa ukuta mpe mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Andikeni mkataba, lipa kwa hatua, na usiruhusu lami ifukiwe kabla hujaikagua kwa macho yako. Bakiza sehemu ya malipo ya ufundi hadi masika yanayofuata yapite, na sharti hilo liandikwe tangu siku ya kwanza.