Kabla hujampa mtu makataa, soma hapa

Makataa, yaani onyo la mwisho, sio kelele za hasira, yana vitu vitatu: unataka nini hasa, mwisho lini, na usipopata utafanya nini. Kikikosekana kimoja hapo unamtishia tu mtu. Usiandike "lipa haraka", andika "nirudishie hela yote kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo Jumatatu nafungua kesi", na hiyo kesi uwe kweli uko tayari kuifungua maana ukisogeza siku hata mara moja hakuna atakayekusikiliza tena. Muda nao uwe wa kutosha jamani, Julai 1914 dola ya Austria-Hungaria kule Ulaya iliipa Serbia masaa 48 kujibu masharti yake, Serbia ikakubali masharti mengi na Vita Kuu ya Kwanza ikaja vilevile. Kwa mke, mume au ndugu mimi nasema ongeeni kwanza, tena zaidi ya mara moja.