Kabla hujakata tiketi ya kiwanda cha pipi, uliza kama mashine zitakuwa zinazunguka

Ukipiga simu, usiulize kama wako wazi. Watakujibu wako wazi, na hawatakuwa wamekudanganya: duka liko wazi, mgahawa uko wazi na chumba cha video kiko wazi. Uliza hivi: "Siku hiyo mnazalisha?" Viwanda vingi husimamisha uzalishaji Jumamosi na Jumapili, siku ambazo wengi wetu ndiyo tuna nafasi. Basi familia inalipa, inapandishwa ngazi, inatazama ukumbi uliolala, na mwongozaji ananyoosha kidole kwenye mashine iliyofunikwa turubai na kusema, "Hapa huwa tunamimina…" Hiyo "huwa" mimi siilipii. Nenda katikati ya wiki, asubuhi. Karibu na mwisho wa zamu kazi kubwa huwa ni kuosha.

Soma vizuri pia unachouziwa, maana kuna ziara ya kiwanda na kuna maonyesho yanayoitwa ziara. Kule Hershey, Pennsylvania, Marekani, wageni walikuwa wengi mno hata ziara za ndani ya kiwanda cha chokoleti zikafungwa mwaka 1973, na badala yake ikafunguliwa Hershey's Chocolate World, ambako unapanda kigari kinachokupitisha kwenye mfano wa utengenezaji. Watoto wanafurahi, sikatai, ila kiwanda chenyewe hujakiona. Kiwanda cha pipi cha Jelly Belly, kilichoko Fairfield, California, ni tofauti: unapita kwenye njia ya juu yenye vioo na chini yako ni sakafu halisi ya kazi. Ukiniuliza mimi, hata hivyo, nitakupeleka kwenye karakana ndogo. Mji wa Gränna, Uswidi, unaishi kwa pipi za mistari myekundu na myeupe zenye ladha ya nanaa, zinazoitwa polkagris. Mjane aitwaye Amalia Eriksson ndiye aliyepewa kibali cha kuzitengeneza na kuziuza mwaka 1859. Mpaka leo wageni husimama hapo na kuangalia zikivutwa na kukunjwa kwa mikono.

Mavazi: viatu vilivyofunika vidole, visivyo na kisigino kirefu. Pete, bangili, hereni na saa acha nyumbani, vinginevyo utaambiwa uvivue mlangoni na uanze kutafuta pa kuviweka. Utapewa kofia ya wavu, na mwenye ndevu atapewa wavu wa ndevu. Wapwa zangu hucheka mpaka machozi, lakini sharti ni sharti. Marashi usijipake siku hiyo, kwa sababu chokoleti hunasa harufu upesi. Ukiwa na kidonda kidoleni unaweza kubadilishiwa plasta upewe ya buluu. Viwanda vya chakula huzipenda kwa kuwa chakula cha rangi hiyo ni nadra, kwa hiyo ikidondoka inaonekana, na nyingi zimetiwa ukanda mwembamba wa chuma ili mashine ya kunasa chuma ipige kelele. Kwenye pipi, ambako buluu imejaa tele, nadhani ule ukanda ndio unaotegemewa zaidi.

Mwenye mzio wa karanga, maziwa au ngano apige simu kabla ya safari, asisubiri kufika. Uliza pia umri wa chini wa watoto na kama kigari cha mtoto kinaruhusiwa. Viwanda vingi hukataza kutumia simu ndani. Pamoja na siri za mitambo, hakuna anayetaka kioo kilichovunjika kwenye pipi.

Ukiwa ndani, usijaribu kuona kila kitu. Chagua meza moja uisimamie. Mimi huchagua ya pipi ngumu. Sukari, maji na shira ya glukosi huchemshwa mpaka karibu nyuzi 150 za Selsiasi, maji yakabaki kidogo sana. Glukosi ipo ili sukari isirudi kuwa chengachenga. Rojo lile humwagwa juu ya meza ya chuma. Hapo tazama mikono. Kingo hupoa kwanza, kwa hiyo mfanyakazi, glavu nene mkononi, anazikunja kuingia katikati, tena na tena, donge zima lipoe sawasawa. Kisha kipande kinatundikwa kwenye kulabu na kuvutwa, kinakunjwa, kinavutwa. Kilikuwa kinang'aa kama kioo chenye umanjano. Mbele ya macho yako kinakuwa cheupe. Hakuna rangi iliyotiwa hapo, ni hewa iliyoingia kwenye mikunjo.

Ukibahatika kukuta siku ya pipi zenye maandishi ndani, usiondoke hapo. Herufi hujengwa zikiwa kubwa, kwa vipande vya rangi vilivyopangwa na vyeupe kujaza nafasi, vikafungwa kuwa gogo nene ambalo mtu mmoja hulibeba kwa shida. Gogo linavutwa hadi unene wa kidole na herufi zinasinyaa nalo. Muda wote huo kuna mtu kazi yake ni kulibingirisha tu. Akiacha, linalala upande mmoja na herufi zinapondeka.

Pipi za kutafuna hazina mchezo mwingi: humiminwa kwenye mashimo yaliyogandamizwa ndani ya trei za wanga wa mahindi, zikaachwa zikauke. Zile zenye ganda huzungushwa kwenye mapipa huku zikinyunyiziwa shira kidogo kidogo. Sikiliza mlio wao, kisha endelea.

Maswali ya mwongozaji yaandae mapema. Jelatini mnayotumia, ile inayogandisha pipi za kutafuna, ni ya nguruwe au ya ng'ombe? Wekundu huu ni wa kamini, inayotokana na wadudu? Mng'ao ni wa nta ya nyuki au wa shelaki, ambayo nayo ni ute wa wadudu? Mwongozaji mzuri atajibu bila kusita. Anayekwepa, msomee lebo mbele yake.

Dukani tafuta kwanza zilizoharibika umbo. Jelly Belly huziuza kwa jina la Belly Flops. Kwingine hujazwa tu kwenye mifuko kwa bei ya chini. Ladha ni ileile. Beba maji ya kunywa, maana baada ya kuonja nne au tano ulimi hautofautishi tena limau na nanasi. Na ukifungasha, pipi ngumu usizichanganye mfuko mmoja na za kutafuna: ngumu hunyonya unyevu wa wenzake, na utafika nyumbani na donge moja.